Mama Seline Adongo na Kamba Mbili za Jezi

Mama Seline Adongo anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuzitunza jezi za Usoma Rovers kwa miaka ishirini na sita. Amewaona makocha kumi na wanne wakija na kuondoka, wengine kwa kuagwa, wengine kwa mlango wa nyuma. Msimu huu wa mwisho umekuwa mgumu kwake kuliko yote, na sehemu kubwa ya ugumu huo niliuleta mimi, Frankline Oyugi, katibu wa timu. Kwa hiyo ukurasa huu ukisomwa Jumamosi kwenye sherehe yake, nivumilieni hadi mwisho.

Aliajiriwa mwaka 1999 kufua kwa mwezi mmoja tu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mwezi umeisha. Haraka sana tukajua tumepata mlinzi, si mfuaji peke yake. Mama Seline hamwamini mtu. Maji ya chupa tuliyoletewa na timu ya wageni aliyarudisha yakiwa hayajafunguliwa. Mwandishi wa habari aliyeuliza saizi ya glavu za kipa alisindikizwa hadi getini. Na mama mzazi wa kipa huyo huyo, siku alipomletea mwanawe viatu, aliombwa kwanza aonyeshe kitambulisho. Alikionyesha, na Mama Seline akakigeuza upande wa pili kuona kama ni cha kweli.

Wanaofuata soka la kwetu wanajua hofu ya dawa: unga unaonyunyizwa kwenye nguo za wachezaji, yai linalofukiwa golini, timu nzima inayoruka ua kwa sababu lango kuu halijulikani limefanywa nini. Mama Seline ni mtu wa kanisa na husema haamini mambo hayo. Hata hivyo alifua. Kila Ijumaa kabla ya mechi ya nyumbani alizifua jezi zote upya, hata zilizokuwa safi, tena uani, mbele ya barabara, ili asije mtu akasema zilishikwashikwa gizani. Kocha alimpa orodha ya kikosi Alhamisi. Jezi kumi na moja za watakaoanza alizianika kwenye kamba ya mbele, karibu na kiti chake, aweze kuzichunga. Za wachezaji wa akiba zilikaa kamba ya nyuma. Ndivyo alivyofanya miaka yote, na sisi tulimsifu kwa hilo.

Msimu ulianza vizuri mno. Baada ya mechi kumi tulikuwa nafasi ya pili, na mashabiki wetu wa Dunga walikuwa tayari wanapanga gwaride. Kisha mambo yakageuka kwa namna ya ajabu: ugenini tulitoka sare, nyumbani tukapigwa. Mara sita mfululizo tulifungwa kwenye uwanja wetu wenyewe, na wageni walicheza kama watu waliokaa kwenye kikao cha kocha wetu, Sydney Walubengo. Tukaruka ua. Tukachimba golini tukapata kijiko. Tulipomaliza kushuku dawa, tukaanza kushukiana.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nilikaa nikajiuliza: ni nani anayekijua kikosi mapema, na ambaye hasafiri nasi ugenini? Jibu lilikuwa mtu mmoja. Sikutaka kuliamini, lakini nilianza kumwangalia. Akipokea simu nilisogea karibu. Akicheka nilijiuliza anacheka nini. Mwezi Machi nikamshawishi kocha tumtegee mtego. Tulimpa Mama Seline, na yeye peke yake, orodha ya uongo iliyomweka winga wetu Odongo kwenye kikosi cha kwanza, ilhali angekaa benchi. Wageni walikuja na mabeki wawili wa kumkaba Odongo. Walizunguka upande wake kipindi kizima wakimtafuta. Tulishinda tatu kwa moja na pale ofisini hakuna aliyeshangilia.

Kamati ilikaa Jumatatu. Hatukumwita ajieleze, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Barua ya kustaafu mapema niliiandika kwa mkono wangu: angeondoka mwisho wa Juni, na kuanzia siku ya barua jezi zingeshughulikiwa na Byron wa stoo. Barua haikutaja sababu, lakini mji ulizitaja zote. Sokoni Kibuye, mwanamke aliyemuuzia nyanya miaka mingi alimhudumia bila kumwangalia usoni. Dunga walimwita muuza timu, na dadake anayeuza samaki pale alilazimika kusikiliza. Mama Seline hakugombana na mtu. Aliendelea kuja kazini kila asubuhi, akakaa.

Ijumaa iliyofuata alivuka barabara akaketi kwenye kibanda cha chapati cha Metrine. Alikwenda kumchunga Byron, maana alishuku angeziharibu rangi. Byron alianika ovyo, namba yoyote kamba yoyote. Pembeni alikaa mwanamume mwenye kofia ya kahawia, chai moja mbele yake, akiinua simu kuelekea uani kwetu. Mama Seline alimngoja aondoke, kisha akamuuliza Metrine ni nani.

"Mimi simjui, Mama," Metrine alisema. "Anakuja Ijumaa tu, kama kesho kuna mechi. Anaitisha chai moja, anapiga hizo nguo picha, anaenda."

Mama Seline aligeuka akaitazama kamba ya mbele kutoka pale. Kila namba ilisomeka. Alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomfahamu nilimwona analia. "Nyathina, mwanangu, ni mimi," alisema. "Nilikuwa nalinda hizi jezi, kumbe nawaonyesha." Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alikuwa anakiri kosa la kamba, nami nilikuwa nimemhukumu kwa kosa la usaliti.

Mwenye kofia hatukumkamata na hatujui aliwauzia wangapi. Mpaka leo nikiona kofia ya rangi hiyo mjini naifuata hatua kadhaa. Lakini tulimtumia. Mechi ya mwisho ilikuwa ya kufa na kupona: kushinda, au kushuka daraja. Ijumaa hiyo Mama Seline alirudishiwa beseni lake. Alianika wachezaji wa akiba mbele na kikosi cha kwanza nyuma, jezi ya Odongo ikiwa mwisho kabisa pembeni, kisha akaketi kwenye kiti chake akiwa na uso mkavu. Chai moja ilinywewa ng'ambo ya barabara. Jumamosi Odongo alifunga mabao mawili bila kukabwa na mtu, na tukabaki ligini kwa pointi moja.

Kamati ilinituma mimi katibu nikaiondoe barua. Nilikwenda na maneno mengi. Mama Seline alinikaribisha uji, akanisikiliza hadi mwisho, akakataa.

"Nikirudi, siku timu itafungwa mtaniangalia tena," alisema. "Mimi nimechoka kuangaliwa, Frank. Wewe niandikie kitu kimoja tu kwa hiyo karatasi yenu ya sherehe. Siwezi kurudi kwetu Bondo na hilo jina la muuza timu."

Wapo waliotaka sehemu hii ifupishwe, ati sherehe si mahali pa mambo hayo. Nawashuku bado wanaweza kuifupisha, kwa hiyo nakala nyingine iko mfukoni mwangu na nitaisoma mwenyewe.

Mama, ahsante kwa miaka ishirini na sita, na kwa kutulinda hata wiki tulizokugeuzia mgongo. Kamati ilikosea. Mimi nilikosea zaidi, na naomba unisamehe mbele ya wote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na watu wa kuwaamini.

Nanyi majirani wa Bondo, mpokeeni vizuri. Seline Adongo hakuuza timu.