Mawese Juu ya Maji ya Kunywa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa Mulongwe, asikike mpaka Kalundu!

Mimi ni mama Neema, mnanijua, yule anayeuliza maswali hata wakati wa matangazo. Leo nawaambia jinsi Mungu alivyoutumia udadisi huu kumwokoa mtoto wangu.

Neema alikuwa haponi tumbo. Leo nafuu, wiki ijayo anaharisha tena, macho yameingia ndani, anawekewa serum ya mshipani, tunarudi nyumbani, tunaanza upya. Ndugu zangu, nililia! Na maji tulikuwa tunachemsha! Makala ya kupikia yanaisha kwa kuchemsha maji, na mtoto bado anaumwa. Mama mkwe wangu akasema, "Hii nyumba iko na kitu. Minye nitabeba mutoto, nende naye kwetu ku milima." Nikajua akipanda naye katika hali ile, huenda nisimwone tena.

Nikafunga na kuomba. Nikasema, "Bwana, nionyeshe adui anapitia wapi." Nilidhani ningemwona mlangoni.

Jioni nilipofungua, tulikula kwa mikono bugali na ndagala za mafuta ya mawese. Nikainama kuchota maji mtungini, nikaona vitone vyekundu vinaelea. Mawese! Kwenye maji ya kunywa! Yamefikaje humo? Nikaketi pembeni nitazame. Akaja baba Neema, akachovya kikombe, na vidole vyake vikaingia majini pamoja nacho. Akaja mama mkwe, vilevile. Nikachota mimi, na vyangu vikalowa. Ndugu zangu, kama mawese yanaingia, ni nini kingine kilikuwa kinaingia siku zote, kile kisicho na rangi?

Nikacheka. Mama mkwe akauliza, "Weye, unacheka nini?" Nikamwonyesha. Akainama mtungini, kisha akavigeuza vidole vyake kuvitazama.

"Kumbe ile kitu iko mu vidole yetu," akasema.

Tangu hapo kikombe hakiingii mtungini. Maji yanakaa kwenye bidon, dumu lenye kifuniko, tunamimina. Mikono inaoshwa kwa sabuni, ikikosekana ni majivu. Bugali ikiiva, sufuria ya maji inapanda juu ya makala yaleyale yaliyobaki, mpaka yachemke. Zamani tuliyaacha yafe bure. Mwanzoni tulisahau, tukagombana, baba Neema akawa anautafuta mtungi wake kama mtu aliyeibiwa. Sasa mkono unakwenda wenyewe kwenye bidon.

Na Neema akapona tumbo, hakupanda milimani. Yesu, asante! Wewe unayelia kwa ugonjwa usioisha nyumbani mwako, mtumaini Bwana. Mwombe akufungue macho, halafu uinamie mtungi wako uangalie vizuri, usiogope utakachokiona.

Asubuhi hii mlipoingia, kuna msichana mdogo aliwamiminia maji pale mlangoni. Alimwambia kila mmoja, "Leta kikombe, usiguse bidon." Wengine mlimwona mkali.

Ndiye huyo. Ndiye Neema wangu.