Ardell Vondracek na Majani ya Kilimani, 1941–2024

Ardell Joseph Vondracek alizaliwa tarehe 3 Februari 1941, shambani, maili saba kaskazini mwa Prasek, Nebraska, mtoto wa tatu wa Anton na Libuse. Theluji ilikuwa imefunga njia, daktari akafika kesho yake, akanywa kahawa akarudi.

Alisoma shule ya chumba kimoja, kisha sekondari ya Prasek, akamaliza Mei 1959. Hesabu alikuwa moto. Kuimba hapana, ila kanisani aliimba miaka yote na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Tarehe 17 Juni 1967 alimuoa Marcella Sobotka, aliyetangulia mwaka 2015. Walipata watoto wawili, Milo na Denise.

Kazi yake ilikuwa mahindi na ng'ombe. Lakini kile kilima cha nyuma, ekari sitini pamoja na bonde lake, kilimchosha mno. Mvua ikinyesha udongo unahamia bondeni, upepo ukivuma vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Machi 1987 akasaini mkataba na serikali wa kuhifadhi udongo: kilima na bonde lake apande majani, asilime miaka kumi, alipwe kila Oktoba. Baba yake alisusa kula mezani kwake hadi Pasaka. Pale ghala la nafaka, kwenye kahawa ya asubuhi, wenzake wakawa wanamuuliza, "Ardell, mavuno vipi mwaka huu? Bahasha za serikali zimeota?" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Mkataba unakataza kufyeka kabla ya katikati ya Julai, kwa sababu ndege wanaatamia. Juni 1994 mibaruti ikachanua, magugu ya miiba ambayo mbegu zake hupeperukia kwa majirani, na huku kwetu ukiwa na mibaruti watu wanakupita kanisani kama hawakujui. Basi Jumamosi moja akafyeka. Nyuma ya trekta akakuta mayai ya kwale yamepondeka. Jumatatu akaenda mwenyewe ofisi ya kilimo, kofia mkononi.

"Nani amekuona?" Bi Lorna wa pale mezani akamuuliza.

"Mimi."

"Bwana Ardell, hakuna aliyelalamika. Nenda nyumbani."

"Andika, mama."

Malipo ya mwaka ule yakakatwa. Marcella alimnunia wiki mbili, halafu akachukua kazi jikoni shuleni.

Mapafu yalianza kumsumbua 2022. Shamba alikuwa ameshaliandikisha kwa jina la Milo, na mkataba, uliokwisha kuongezwa mara kadhaa, ulikuwa unaisha. Mwisho wa kusaini upya ulikuwa Ijumaa, 26 Julai mwaka huu. Babu yetu hakumwomba Milo asaini. Kila akitembelewa hospitali aliuliza tu kama mvua imenyesha, na wote tulijua anauliza habari za kilima. Milo naye amechoka, malipo ya majani hayafiki nusu ya anachopata mtu kwa kukodisha shamba la mahindi. Ijumaa hiyo jioni akaja na buti za matope, akakaa.

"Baba, nimesaini kilima. Bonde nitalilima."

Babu akazitazama zile buti.

"Usinidanganye ili nifurahi."

"Kilima tu, Baba. Miaka kumi."

"Basi. Kilima ndicho kilichokuwa kinaondoka."

Akaomba alazwe ubavu. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha dada yake Bernadine, Milo na mkewe Janelle, Denise wa Omaha, wajukuu watano, na ekari arobaini za majani ambazo hakuna atakayezigusa hadi 2034.

Pumzika, Babu. Zamu yako imeisha.