Jina Nililolitia Kwenye Kibwagizo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa koo kavu kama hili langu, lililoimba mengi kabla ya kusema ukweli.

Wengi wenu hapa Sindo mnanijua kama mpiga gitaa. Bendi yetu ilizunguka Ndhiwa, Homa Bay na Migori, na siku zile nyimbo zilinijia kama ndoto. Nilikaa ufuoni asubuhi, ukungu umelala juu ya ziwa, na sauti ikanifikia kutoka mahali nisipopaona. Nikadhani kila kinachonijia hivyo kimetoka kwa Mungu. Ndugu zangu, si kila kitamu kimetoka kwake!

Siku moja sokoni Ndhiwa nilisikia kisa cha mwanamke aliyemtoroka mume mgonjwa akamfuata mchuuzi wa samaki. Nikatunga wimbo. Jina la mwanamke yule lilikuwa refu, likakwama kwenye kibwagizo, nikalitoa. Nikajaribu mengine, hadi nikafika kwa Akeyo. Lo! Jina hilo lilitua kwenye gitaa kama ndege juu ya matete. Mdundo ulipobaki na nafasi nikaongeza, "Akeyo wa Sindo, muuza omena."

Na Sindo tulikuwa na Akeyo mmoja muuza omena, hao dagaa wetu wa ziwani, na alikuwa jirani yangu. Mume wake alikuwa mwaka wa pili kitandani, na yeye ndiye aliyemwosha na kumlisha kwa kijiko. Nilijua hayo. Lakini studioni sikumfikiria hata kidogo, nilifikiria utamu wa sauti tu.

Wimbo ukashika. Redio ikaupiga, na watoto wakauimba nyuma ya Akeyo akienda sokoni. Shemeji yake akaja kuniomba niende redioni niseme si yeye. Nami, mbele ya wanabendi, nikamjibu, "Akina Akeyo ni wengi huku ziwani. Anayewashwa ajikune!" Wakacheka sana. Ndugu zangu, kosa hilo ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nilikuwa kama mtu anayeota. La pili nilikuwa macho.

Mume akafariki. Akeyo akahamia kisiwani Mfangano kwa dada yake.

Baadaye bendi ikavunjika, nikaokoka, nikaungama dhambi nyingi. Wimbo ule sikuuungama. Niliuhesabu kuwa kazi. Lakini ulinifuata usingizini. Naota natembea juu ya maji, mtu asiyeonekana anauimba mbele yangu, na kila nikikaribia anasogea mbali. Naamka mikono inauma kama niliyepiga kasia.

Mwaka jana prodyuza mmoja wa Migori akaniita turudie wimbo huo kwa mitambo ya kisasa. Nilifurahi, nisiwadanganye! Tukarekodi vyombo, kisha nikavaa hedifoni nikaimba.

"Mzee wangu, hii itawaka hadi Nairobi," akasema. "Ngoja nizime vyombo, nisikie kama sauti iko sawa."

Akazima ngoma. Akazima besi. Akazima gitaa. Nikabaki na sauti yangu peke yake, bila utamu wa kuifunika. Chumba kikawa kama kiko chini ya ziwa, kimya kabisa, na ndani ya kimya hicho nikasikia mwanamume anamsingizia jirani yake. Nikalia kama mtoto.

"Futa," nikamwambia.

"Nifute wapi? Ubeti wa pili?"

"Wote."

"Mzee, umelewa?"

"Hapana. Leo ndiyo nimelevuka."

Nikavuka kwenda Mfangano. Nilimkuta Akeyo anaanika omena, nywele zimekuwa nyeupe kama zangu. Akainua uso, akanitambua.

"Wewe mwanamuziki, umekuja kuniimba tena? Ile ya kwanza bado haijaisha."

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha.

"Unajua marehemu aliusikia redioni?" akasema. "Akaniuliza, 'Akeyo, unaondoka lini?' Tangu siku hiyo, nikienda tu kuteka maji, ananiuliza kama nitarudi. Mpaka akafa."

Nikainamisha kichwa hadi mchangani.

"Inuka, baba, utaumiza hayo magoti. Ulinisema mbele ya Sindo yote, halafu unaniomba msamaha mbele ya omena? Hawa hawakuniimba. Nenda ukaseme kwa wale walioimba."

Ndiyo maana nimesimama hapa. Sikilizeni: Akeyo hakumtoroka mume wake. Alimuuguza hadi pumzi ya mwisho. Wimbo ule ni uongo, na uongo huo ni wangu. Msamaha hakuniahidi, wala simdai. Lakini tangu nilipoamua kusema haya nalala, na katika usingizi wangu ziwa limetulia. Asante, Yesu, uliyenivumilia!

Ndugu yangu, kama kuna mtu uliyemchafua, mwamini Bwana. Hatakuficha, ila atakwenda nawe hadi mlangoni kwa mtu huyo. Na ninyi nyote naomba msaada, maana sauti yangu haifiki tena sokoni. Kwa nguvu mlizoubebea uongo wangu, ubebeni na ukweli huu. Mkimaliza ibada, anzeni na wauza omena.