Samaki wa Kupaka Mkate

Asubuhi ile Spoku, fundi baiskeli, alifika kijiweni mikono imetakata hadi kwenye kucha, na hilo peke yake liliwashangaza watu. Benchi lile liko kati ya karakana yake na duka la kinyozi. Kahawa hunywewa hapo, na ubishi huishia hapo au hauishi kabisa. Aliweka bakuli katikati, akalifunua, akaweka na mkate. Mwaka mzima mama yake hajaonja samaki, tangu mwiba ulipomkwama kooni wakamkimbiza hospitali. Meno yake yamebaki mawili, na hayaonani.

— Nini hii, rangi ya ukuta? — aliuliza kinyozi, ambaye kwa ubishi wake huitwa Wakili.

— Samaki wa moshi. Onjeni. Mkikuta mwiba, semeni.

Antena, fundi redio, alichovya mkate, akatia mdomoni. Kikombe chake kilibaki hewani.

— Jamani, — alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. — Hatafunwi huyu. Anapita mwenyewe.

Wakili naye akachovya, akashusha pumzi.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu kakunjwa mkavu, na kakunjika! Mficha maradhi kifo humuumbua, Spoku. Umetia nini?

— Nimemmenya ngozi, nikamchambua kwa vidole saa mbili nzima. Maziwa ya mgando nimeyafunga kwenye kitambaa safi, nikayaning'iniza kutwa, maji yakachuruzika yakabaki mazito. Nikaponda vyote kwa uma. Ndimu, kitunguu cha kukuna, pilipili manga. Chumvi sikutia, samaki anayo yake.

— Wewe? Unayechemsha yai likaungua? — alidakia Wakili.

— Mara ya kwanza sikuyachuja maziwa. Ukawa uji.

— Siri ni moshi, — alisema Antena. — Moshi ni kama mawimbi ya redio: huuoni, lakini umo. Hayo maziwa ndiyo spika.

— Wapi! — alipinga Wakili. — Samaki ni maziwa tangu huko majini. Miiba ndiyo humshikilia asimwagike. Spoku kamfungulia tu.

— Basi ng'ombe naye ni samaki aliyechoka kuogelea!

— Ndiyo maana wakasema mwenda tezi na omo! — alihitimisha Wakili, na hakuna aliyemuuliza inahusu nini. Walikuwa wakichovya taratibu, kama watu walio ibadani. Spoku aliwatazama makoo. Kila tonge lilishuka salama.

Ndipo akapita fundi cherehani, mama mgeni mtaani, utepe wa kupimia shingoni. Akakaribishwa, akaonja, akafumba macho.

— Umempikia nani, kaka?

— Mama yangu.

— Naye kasemaje?

Wakili akamtazama Antena. Antena akatazama kahawa. Alfajiri Spoku alipita mlangoni kwa mama yake na bakuli hilo hilo, akashindwa kubisha hodi.

— Naogopa, dada, — alisema.

Wakili alilisukuma bakuli kwa Spoku polepole.

— Nenda, ndugu yangu. Sisi tumemeza.

Akaenda kwa mama yake, akaingia, na benchi zima likamfuata hadi dirishani. Mama yake alinusa kwanza, uso ukachangamka. Akachovya kidole, akalamba, akameza. Kisha kimya. Kilirefuka kimya kile hadi Spoku akapiga magoti.

— Mama? Mama, vipi?

— Usinisemeshe, mwanangu, — alisema, kidole kikirudi bakulini. — Nakula samaki.