Njia ya Kwenda kwa Wakwe

“Na njia ya watu itapita wapi?”

Swali hilo aliliuliza marehemu siku ya Jumanne tarehe 17 Januari mwaka huu wa 2023, katika ukumbi wa halmashauri, akiwa amesimama safu ya tatu na koti lake la mvua mkononi, na ingawa meza kuu ilijaa wakubwa wenye vipaza sauti, mwenyekiti alikohoa, akafunua karatasi, akasema tuingie kwenye mengineyo, kana kwamba mwalimu aliyewafundisha nusu ya watu wa ukumbi ule kusoma ramani alikuwa amepiga chafya tu. Ndugu waombolezaji, swali hilo tutalirudia, lakini kila jambo lina mwanzo wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Machi 1944, katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa juu kabisa wa mji huu, ile ambayo mlango wake wa nyuma unafungukia mlimani, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Baba yake alishinda amejiinamia mezani, kioo kimebanwa jichoni, na kila Jumapili, ili macho yapumzike kwa kutazama mbali, alimbeba binti yake mgongoni hadi kwenye uwanda mpana ulio juu ya mlima, ambao sisi wa hapa hatujawahi kuuita jina jingine zaidi ya Juu. Wanaopajua wanapajua, majani ya kahawia yamelazwa na upepo upande mmoja, maji meusi yamesimama kwenye udongo laini kama sponji, ukungu unaingia bila hodi, na katikati ya yote hayo mawe marefu yamesimamishwa kwa duara na watu walioishi kabla ya chuma na kabla ya maandishi. Fundi saa aliyaita mawe hayo Wakwe, kwa sababu yanatazamana kwa heshima na hakuna anayethubutu kuanza mazungumzo, na lile moja lililoinama akaliita Mshenga, aliyechoka kusubiri jibu. Majina hayo yameshika hadi leo, na hata wataalamu wa mambo ya kale waliokuja na kamba zao za kupimia waliondoka wakiyatumia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1962, ambako, kwa ushahidi wa rafiki yake wa kitanda cha juu, aliyepo hapa leo na fimbo yake, alilia majuma mawili, si kwa kukumbuka nyumbani, bali kwa sababu nchi ile ilikuwa tambarare na jicho halikuwa na pa kupanda. Mwaka 1964 alihitimu chuo cha ualimu, na tarehe 11 Januari 1965 akaanza kazi katika sekondari ya mji huu, akifundisha jiografia na historia, hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2004.

Darasa lake lilikuwa la mwisho kwenye ukumbi mrefu, karibu na bomba, na waliosoma humo wataikumbuka harufu ya soksi mbichi, maana viatu vilivyotoka Juu vilianikwa dirishani kila Jumatatu, na mwalimu mkuu aliyekuja kulalamika alikaribishwa chai na kuulizwa namba ya kiatu chake. Aliwapandisha wanafunzi Juu, akawakalisha ndani ya misingi ya mviringo ya vibanda vya watu wa kale, akawaambia wale mkate wao humo humo, kisha akawauliza nani alilala upande wa mlango, nani alitumwa maji kwenye baridi, na nani alijifanya amelala ili asitumwe. Mwanafunzi akiokota kipande cha jiwe gumu la gumegume kilichochongwa kwa kukwangulia ngozi, kilipita mkono kwa mkono, kila mtu akajaribu makali yake, halafu kikarudishwa pale pale, kwa sababu, alisema marehemu, mwenye nyumba ametoka tu.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Udongo wa Juu ni laini, nyayo zikirudiwa mahali pamoja huwa mfereji, mfereji hukausha uwanda, kwa hiyo watu wake hawakuruhusiwa kukanyaga alipokanyaga mwenzao, walitawanyika wakilenga marundo ya mawe ya alama, kutoka moja hadi jingine, na yeye akiwa nyuma akipaza sauti, “Msifuatane kama siafu, tembeeni kama kuku waliofunguliwa asubuhi.” Mji mzima ulijifunza kutembea hivyo, na njia ya kwenda kwa Wakwe ikawa njia isiyoacha alama. Ishikeni habari hiyo, tutaihitaji.

Tarehe 7 Septemba 1968 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kutengeneza lile bomba la karibu na darasa, akalitengeneza mara nyingi kuliko lilivyoharibika. Walipopanda Juu pamoja kwa mara ya kwanza, bwana alivaa ndara, tope likameza ya kushoto, akarudi mjini kwa mguu mmoja peku, na tangu siku hiyo hata mafundi wenzake walimwita Babu Ndara kabla hajawa baba wa mtu. Marehemu alipenda kusema kwamba ndara ile ingali nzima huko chini, na siku moja wataalamu wataifukua na kuandika kitabu kinene kuhusu kabila la watu wa mguu mmoja. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1970, ambaye ni mama wa mjukuu anayewasomea historia hii, na kijana aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1973, aliyeipita njia ya Juu akiwa bado tumboni, naye leo ni mpima ardhi wa halmashauri. Babu Ndara alitangulia mbele ya haki tarehe 15 Agosti 2011, na baada ya hapo marehemu aliendelea kupanda kila Jumapili, chupa ya chai mfukoni, vikombe viwili.

Mwaka 2021 halmashauri iliagiza ramani mpya, kwa sababu mwenye machimbo ya kokoto alikuwa ameomba Juu, na kwa kanuni zao hakuna ruhusa ya kuchimba palipo na njia ya watu. Ramani ilichorwa mezani, kwa picha zilizopigwa kutoka angani, na kutoka angani palionekana majani tu. Hapakuwa na mstari, basi hapakuwa na njia. Ile adabu aliyoifundisha miaka arobaini, ya kuikanyaga ardhi bila kuiumiza, ndiyo iliyomgeukia kuwa ushahidi dhidi yake, na aliyeichora ramani hiyo, na kukaa kimya kwenye meza kuu mama yake alipouliza, ni mjomba, yule mpima ardhi. Familia haisemi haya kwa kumwaibisha, mjomba aliisoma historia hii jana jioni, akasahihisha tarehe mbili, na aya hii akaiacha kama ilivyo.

Marehemu hakumgombeza, alisema tu kwamba mtoto akikosea hesabu hachapwi, anarudishwa mwanzo wa swali. Mwezi Machi moyo wake ulianza kuchoka, na tarehe 24 Aprili alilazwa hospitali ya hapa, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Mjomba alikwenda kila siku baada ya kazi, na kila siku mama yake alimwuliza hali ya hewa ya Juu ikoje. Siku ya kwanza alijibu kwamba kuna ukungu mzito, marehemu akageuza shingo taratibu, akatazama nje, akasema, “Mwanangu, mlima ninauona hapa dirishani.” Kesho yake mjomba alichelewa. Alipofika, viatu vyake vya ofisini vilikuwa na tope jeusi hadi kwenye kamba, suruali imelowa magotini, wauguzi wakataka kumtoa nje, marehemu akaomba wamwache. Hakumwuliza alikokuwa. Aliuliza tu kama Mshenga bado amesimama, akajibiwa kwamba amesimama, na wauguzi wanasema usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote. Tope lile mjomba hajalifuta, na walio karibu naye hapa wanaweza kutazama chini wakaliona.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumamosi tarehe 13 Mei 2023, saa kumi na mbili asubuhi, dirisha likiwa wazi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, ameacha watoto wawili, wajukuu watano na wanafunzi ambao kila mtu hapa ajihesabu mwenyewe. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya pili waliovumilia matope yetu, majirani wa mtaa wa juu waliotuletea maji na viti, na walimu wenzake waliokuja leo, wengine wakiwa wamevaa viatu vya kupandia mlima, tumewaona na tumeelewa.

Pumzika, Mwalimu, umetembea vya kutosha, na hapo ulipolala pameelekea Juu.

Kikao cha mwisho cha machimbo ni Alhamisi tarehe 25 mwezi huu, saa tatu asubuhi, ukumbi ule ule, na lile swali lingali limesimama safu ya tatu na koti la mvua mkononi. Mjomba, tunakuomba usimame, umjibu mama yako.