Kelvin Obst na Mstari wa Tisa

Kelvin Obst anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, akiwa ametimiza miaka arobaini na mmoja na miezi minne katika karakana yetu ya springi na shokapu hapa mjini Gawler. Aliingia na miaka kumi na tisa na nywele nyingi. Anatoka bila nywele, na magoti yake yanalia kuliko gari lolote tulilowahi kupokea.

Brayden, meneja wetu, aliniomba ukurasa mmoja wa kuchekesha, usomwe kwenye nyama choma ya kumuaga. Vya kuchekesha vipo na nitaviandika. Lakini nimekaa na kalamu siku tatu, na kila nikianza kucheka nakasirika, kwa hiyo mtanivumilia. Mimi ni wa mapokezi tu, naandika ninavyosema.

Kelvin alianza na magari ya mashamba, yale ya kubeba kondoo na magunia ya shayiri, na kazi yake ilikuwa kuyainua. Miaka ya tisini watu wakaanza kuleta magari madogo wakitaka yashushwe, tumbo lilambe lami. Akaijua na kazi hiyo, ingawa mwenyewe hajawahi kumiliki gari lililoshushwa. Pikapu yake iko juu mpaka mbwa wake anahitaji ngazi. Husema gari la chini ni la mtu ambaye hajawahi kufungua geti la shamba wakati wa mvua.

Kwa wake, waume na watoto mtakaokuja Ijumaa, nieleze kidogo. Shokapu ya mbele, lile bomba la kutuliza mtikisiko, imevishwa springi, na springi imebanwa kati ya sahani mbili. Ukitaka gari lishuke, unatoa springi ya kiwandani unaweka fupi. Gari likiwa limesimama, uzito wake unaibana ile springi na kila kitu kinaonekana sawa. Ila shokapu ni ile ile iliyokuja na gari, ndefu, iliyopimwa kwa springi ndefu. Tairi likining'inia, kwenye shimo au kwenye tuta la reli, shokapu inanyooka yote na springi fupi haifiki. Inalegea. Inaweza kutoka mahali pake, na gari likitua halijui linatulia juu ya nini.

Si kila gari. Springi ya kushusha kidogo, juu ya shokapu nzima, inakaa vizuri, na Kelvin amefunga mamia ya namna hiyo. Utajuaje ipi ni ipi? Unapandisha gari kwenye lifti, unaacha matairi yaning'inie, unaishika springi kwa mkono. Huo ndio mstari wa tisa wa fomu yetu ya kazi. Kelvin aliuandika mwaka 1996: “Ning'iniza gari. Zungusha springi kwa mkono. Ikizunguka, gari halitoki.”

Aliuandika baada ya Bi Lorna Hein, jirani yake, kuvunjika mkono sehemu mbili. Gari lake alilishusha Kelvin mwenyewe, akalitazama limesimama chini, akaridhika. Alipovuka tuta la reli, springi ikatoka mahali pake ikachana tairi. Kisa hiki alinisimulia mara moja tu, akifungua pakiti yake ya maziwa ya kahawa, na hakuinywa.

Sasa vya kuchekesha. Fundi mwenzake, Stavros, alimwita Askari Magereza, kwa vile magari yakiingia kwake kutoka ni kwa kibali. “Huyu hata keki ya harusi yake aliining'iniza kwanza,” Stavros alikuwa akiwaambia wateja. Kelvin akamjibu bila kugeuka: “Na yako ingeng'inizwa, bwana, ungeona mapema.” Stavros ameachwa na wake wawili. Karakana nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi ni Stavros mwenyewe.

Kuna mteja alikuja na springi alizonunua kwenye mtandao, fupi kama chupa ya soda. Akamwambia Kelvin, “Babu, we funga tu, gari ni langu.” Kelvin akamjibu, “Gari ni lako, mwanangu. Barabara je, umeinunua na yenyewe?” Yule mtu akaondoka akitukana. Wiki mbili baadaye alirudi na shokapu fupi zinazolingana na zile springi, akafungiwa, na mpaka leo huleta pai kila Ijumaa.

Basi nifike Februari. Mume wangu, kwa mapenzi yake, alilipia gari langu la bluu lishushwe, iwe zawadi. Stavros alilifunga Jumamosi, Kelvin hayupo, mstari wa tisa akauruka, springi fupi juu ya shokapu za kiwandani zilizokwisha kwenda kilomita laki moja na elfu tisini. Lilipendeza! Jumatatu nililipitisha mbele ya mapokezi polepole ili watu walione.

Saa kumi na moja jioni nalitoa uani, gurudumu likashuka kwenye mfereji, likasema ‘tong’. Kelvin alitoka chini ya lori akiwa na grisi mpaka kwenye masikio, akaingiza mkono dirishani, akachukua ufunguo.

“Gari hili halitoki, Tahlia.”

“Kelvin, usinichezee. Indi wangu yuko chekechea, wanafunga saa kumi na mbili!”

“Najua.”

“Unajua nini wewe? Nipe ufunguo wangu, mzee mkaidi!”

Nilimwita na majina mengine, mbele ya wateja, ambayo hayafai kusomwa wakati watu wanakula soseji. Alisubiri nimalize. Kisha akalipandisha gari, akanishika mkono, akauweka kwenye springi ya mbele kushoto. Nikaisukuma kwa vidole viwili. Ikazunguka kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Nikatazama dirisha la nyuma, kiti cha Indi kinaonekana hapo juu.

“Nichukie tu, mwanangu,” alisema. “Kunichukia hakumvunji mtu mkono.”

Akahamishia kile kiti kwenye pikapu yake, akakivuta huku na huku mara tatu, akanipeleka mwenyewe. Tulifika zimebaki dakika nne.

Huyo ndiye mtu tunayemuaga kwa keki. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, na siifichi. Tarehe 16 mwezi huu Brayden alikuja kwenye meza yangu akasema, “Tahlia dada, Kelvin akiondoka tupunguze fomu. Futa ule wa tisa, unachelewesha kazi. Gari likiwa chini linaonekana, si linaonekana?” Linaonekana! Kila mtu anajua kulisifu gari lililosimama. Hata mimi nililisifu langu. Mtu ametumia nusu ya umri wake kutufundisha kuangalia panapofichika, na hata kabla hajakabidhi ovaroli tunatafuta namna ya kutokuangalia. Halafu tunamkatia keki yenye umbo la springi. Ni aibu.

Na nilifuta. Hasira nyingine hiyo, ya kwangu mwenyewe. Nilichapa fomu mpya mia nne. Kesho yake Kelvin alichukua moja, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akasoma mstari kwa mstari, akairudisha mezani.

“Umechapa vizuri,” alisema. “Hakuna kosa hata la herufi.”

Akaenda kunawa mikono. Heri angenitukana.

Ndugu zangu, fomu hapa nachapa mimi. Jumatatu hii nimezitia zote mia nne kwenye pipa la karatasi, na nimechapa nyingine zenye mstari wa tisa, kwa herufi nzito, maneno yale yale ya 1996. Brayden atausoma ukurasa huu mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeuomba, na akitaka kunifuata nipo mapokezi kuanzia saa mbili asubuhi. Nina matumaini hatanifuata. Ana mtoto naye.

Kelvin, hili hulijui, kwa sababu tangu jana uko kwa daktari wa magoti. Jana mchana liliingia gari jeupe, springi fupi, shokapu za kiwandani, mwenye gari amesimama mlangoni anatazama saa. Stavros alilifunga. Brayden akamwambia alishushe kutoka kwenye lifti. Stavros akachukua fomu, akasoma, akaguna, akaliacha likining'inia, akaingiza mkono. Tulisikia mpaka mapokezi.

“Inazunguka!”

“Stav, bwana, mteja anasubiri!”

“Na asubiri! Halitoki hili!”

Wamepigiana kelele nusu saa, mteja kapigiwa teksi, na sasa ni Alhamisi asubuhi, gari bado liko juu ya lifti ya pili. Ijumaa mtakula chini yake.

Asante, Kelvin, kwa miaka arobaini na mmoja, na kwa ule ufunguo. Mimi, Indi na wote wa karakana tunakuombea magoti mapya, na siku ndefu za kukaa bila mtu kukuita babu. Lifti ya pili usiisogelee. Tunaishughulikia.

Tahlia, mapokezi