Siku Kumi na Tisa za Bi Hepzibah

Mgeni rasmi, Bwana Rupert Chilcott, mwenye jengo hili, wageni waalikwa, nanyi majirani wa Bedminster mliokuja na keki zenu:

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa karakana ya filamu za udongo ya Kidole Gumba tunakupokea kwa mikono miwili, japo si misafi sana. Utuwie radhi kwa kukuvua ile skafu nyekundu ya sufu mlangoni. Hatukukudharau hata kidogo, sababu utaisikia.

TULIKOTOKA
Udongo wetu haukauki. Aliubuni mwalimu mmoja wa sanaa huko Bath, hapo jirani tu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa ajili ya wanafunzi wake. Watengeneza filamu wakauona, wakaudaka. Unasogeza sanamu kidogo, unapiga picha. Unasogeza tena, unapiga tena. Picha ishirini na nne zikifuatana, hiyo ni sekunde moja. Leo kompyuta zinafanya kila kitu, na watu walishatutabiria kifo mara ngapi! Bado tupo, na alama za vidole vyetu zinaonekana kwenye mashavu ya sanamu. Hatuzifuti ng'o.

Karakana hii ilianzishwa na watu wanne, miaka thelathini na nane iliyopita. Aliyebaki ni Dilys Pomfret.

FAHARI YETU
Tumetoa filamu kumi na moja. Lakini fahari yetu kubwa ni Dilys mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza alikuja kazini na sweta jekundu la sufu. Nyuzi zikaingia kwenye udongo mweupe, bibi harusi wetu wa udongo akaota ndevu. Kazi ya siku tisa ikaenda na maji. "Nililia mpaka nikajionea aibu," hutuambia, "halafu nikalichoma lile sweta." Tangu hapo sufu nyekundu haivuki mlango huu, hata ikiwa ya mwenye nyumba.

Sasa ana miaka sabini na mbili, na baridi yabisi imemwingia vidoleni. Filamu hii ndiyo yake ya mwisho, kasema mwenyewe. Ndani yake kikongwe wa udongo, Bi Hepzibah, anavuka jiko kwenda kumfungulia mlango mwanawe aliyepotea miaka mingi. Gerwyn, huyu huyu anayekusomea, alijaribu kumsaidia Dilys kumtembeza hatua mbili tu. Dilys akacheka mpaka akashika meza. "Gerwyn mpenzi, umenitembezea polisi! Bibi wa watu ana goti bovu, la kushoto." Goti hilo bovu, mgeni rasmi, ni la Dilys.

LINALOTUSUMBUA
Barua yako tumeipata: Jumatatu mafundi wanaanza kutoboa sakafu ya juu. Jengo ni lako, hatubishi. Ila wiki iliyopita walipokuja kupima tu, wakaangusha nyundo moja, Bi Hepzibah alisogea upana wa unywele. Picha za siku nzima tukazitupa. Dilys alivaa koti akaenda nyumbani bila kunywa chai, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Tuliumia sana.

OMBI
Hatuombi utuachie jengo. Tutahama, na funguo utazipata. Tunaomba siku kumi na tisa bila nyundo, tumalizie filamu. Bi Hepzibah yuko katikati ya jiko, na jiko lenyewe, taa na kamera vimegandishwa pale pale. Tukivihamisha, hatua zilizobaki hazitashikana na zilizotangulia, na mlango hautafunguliwa.

Tunakutakia afya njema na amani nyumbani kwako, wewe na wote unaowapenda.

Huenda umejiuliza mbona Dilys hakuja kukupa mkono. Yuko nyuma ya pazia jeusi, hapo kulia kwako, kazini. "Mwambieni asinichukulie vibaya," alisema. "Leo vidole vimenikubali, kesho sijui." Tangu tuanze kusoma, Bi Hepzibah ameinua mguu mmoja. Bado hajautua.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Karakana ya Kidole Gumba,
Bedminster, Bristol